Mkungumanga na Tatizo la Jinsia Yake

Kungumanga itiwayo katika halua ni mbegu ya mti mdogo wa misitu ya mvua, usiopukutisha majani yake yote kwa wakati mmoja, na kwa hiyo huwa wa kijani mwaka mzima. Jina lake la kitaalamu ni *Myristica fragrans*. Asili yake ni visiwa vya Banda, nchini Indonesia. Mti huu hutoa viungo viwili: kungumanga yenyewe, na basibasi, yaani utando mwekundu unaoizunguka mbegu mfano wa wavu. Ili kuvihodhi viungo hivyo, Waholanzi walivivamia visiwa vya Banda mwaka 1621, wakawaua au kuwahamisha karibu wenyeji wote. Leo mkungumanga hustawi pia Grenada, India, Sri Lanka na Unguja.

Anayetaka kuuotesha hana budi kwanza kuielewa mbegu yake. Mahindi na maharage hukaushwa, yakahifadhiwa hadi msimu ujao, kwa sababu mbegu hizo zimezoea kungoja mvua. Katika msitu usio na kiangazi kirefu hakuna cha kungojea. Mbegu ya mkungumanga huanguka ikiwa na maji mengi, tayari kuota, na ikipoteza maji hayo chembechembe zake huharibika, ikafa. Kungumanga ya dukani, ambayo ikitikiswa husikika ikigonga ndani ya kaka lake, haifai tena kupandwa. Mbegu huchukuliwa katika tunda lililopasuka lenyewe mtini, huvuliwa basibasi, kisha huzikwa siku zile zile katika udongo wenye unyevu, penye kivuli. Kuota huchukua mwezi mmoja au zaidi. Mche huhitaji kivuli katika miaka ya mwanzo, na migomba yafaa sana kwa kazi hiyo. Udongo usituamishe maji.

Hayo yote ni mepesi. Tatizo kubwa ni kwamba mkungumanga, kama mpapai, aghalabu huwa mti dume au mti jike, na jike ndiye azaaye. Lakini mpapai hujitambulisha baada ya miezi michache tu, ilhali mkungumanga huweza kukaa miaka 6 au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza. Muda wote huo mkulima hupalilia asichokijua. Wako wadaio kwamba umbo la jani au la mbegu huonyesha jinsia. Dalili hizo si za kutegemewa.

Wanafunzi wa hisabati wanaweza kuikadiria hasara. Miche itokanayo na mbegu hukaribia kuwa nusu dume na nusu jike. Kwa hiyo mwenye miche 4 ana uwezekano wa 1 kati ya 16 wa kupata madume matupu, na vivyo hivyo kupata majike matupu, ambayo hayatazaa ipasavyo kama hapana dume karibu. Katika shamba kubwa, dume 1 hutosha kwa majike 10 hivi. Madume yaliyozidi hukatwa, baada ya kutunzwa miaka yote hiyo.

Dawa yake ni kubebesha. Mche uliooteshwa kwa mbegu hukatwa kichwa, na kijiti cha mti jike unaojulikana kwa kuzaa sana huunganishwa hapo, kikafungwa imara na kufunikwa kisikauke. Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Kijiti kikitolewa katika tawi la ubavuni, mti utakaopatikana hautasimama. Utatambaa kwa upana kama tawi, kana kwamba bado unakumbuka mahali ulipotoka. Wakulima wa kahawa wanalifahamu jambo hili katika matawi ya mbuni. Kijiti kinachofaa ni chipukizi lililoelekea juu, na mkungumanga mmoja hutoa machipukizi ya namna hiyo machache. Ndiyo maana miche iliyobebeshwa ni adimu, na wakulima wengine bado hupanda miche miwili au mitatu katika shimo moja, wakasubiri maua.