Elimu ya Chuo Kikuu na Kazi ya Kuchapisha Vitabu: Mazingatio Kutoka Mbinga na Ufuko wa Ziwa Nyasa

Katika ziara moja ya kichungaji kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, mwinjilisti mmoja mstaafu alitukabidhi daftari lake. Humo alikuwa ameandika kwa mkono habari za kuanza kwa usharika wake, majina ya wabatizwa wa kwanza, na jinsi wazee walivyowaombolezea wafu wao kabla na baada ya kuipokea Injili. Tulimwahidi kwamba daftari lile litakuwa kitabu. Tulikuwa na shahada ya theolojia, tulisoma Kiyunani na historia ya Kanisa. Lakini hatua ya kwanza ya kuligeuza daftari kuwa kitabu hatukuijua. Mzee alilala katika Bwana kabla hatujajifunza.

Katika makala haya twakusudia kueleza chuo kikuu cha elimu pana kinampa nini mtumishi wa Kanisa, na kwa nini somo la uchapishaji lisihesabiwe kuwa jambo la pembeni.

Kwa elimu pana twamaanisha mafunzo yasiyomfunga mwanafunzi katika fani moja tu. Mizizi yake ni zile sanaa saba za kale: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, elimu ya nyota na muziki. Philipp Melanchthon alipoanza kufundisha Wittenberg mwaka 1518, hotuba yake ya kwanza ilihusu kurekebishwa kwa masomo ya vijana. Mwaka 1524 Martin Luther aliwasihi madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule, wala hakusahau kuwataka waweke na maktaba. Agano Jipya alilolitafsiri lilipigwa chapa katika mji huo huo wa Wittenberg mwaka 1522. Darasa na mtambo wa chapa vilikuwa majirani.

Kwetu Tanzania, Chuo cha Theolojia Makumira kilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1968 likaanza kutolewa hapo jarida la Africa Theological Journal. Mwaka 1997 Makumira iliingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini, na leo mwanafunzi wa theolojia hukutana huko na wenzake wa ualimu, sheria na muziki. Tawi la Iringa, ambalo sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, limefundisha theolojia pamoja na uandishi wa habari. Mchungaji aliyekaa meza moja na watu wa fani hizo hujifunza kuuliza maswali ambayo peke yake asingeyauliza.

Wala jambo hili si geni katika Ziwa letu. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyozaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857, iliweka makao yake kisiwani Likoma mwaka 1885, na kazi yake ikaenea hadi Liuli. Huko Likoma walikuwa na mtambo wao wa chapa. Meli yao Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilikusudiwa iwe pia chuo cha kuelea cha kufundishia walimu. Upande wa bara, Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na kiwanda chao cha chapa kimewalisha wasomaji wa Kiswahili kwa miaka mingi. Wote hao walitambua kwamba shule isiyo na vitabu ni kisima kisicho na kamba.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Mpiga chapa hutia maneno kwenye karatasi. Mchapishaji ndiye mwenye dhamana ya kitabu tangu mswada hadi kwa msomaji. Kwa hiyo somo la uchapishaji hufundisha kupima mswada, kuuhariri, kusahihisha prufu, kupanga kurasa, kukadiria gharama na idadi ya nakala, na kufikisha vitabu vinakotakiwa. Hufundisha pia haki ya mtunzi, ambayo nchini mwetu inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na namna ya kuomba namba ya kimataifa ya kitabu kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba. Atakaye kulisoma kwa kina aweza kutazama Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ambacho kimekuwa na idara ya fani hiyo.

Tuone hasara ya kutoijua kazi hii. Wamatengo wa milima ya Mbinga wanajulikana kwa kilimo cha ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko, ambayo huzuia udongo usichukuliwe na mvua na huurutubisha kwa majani yaliyofukiwa. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani waliichunguza kazi hiyo. Msamiati wa Kimatengo uliokusanywa na Nobuko Yoneda ulitolewa Tokyo mwaka 2006. Twawashukuru kwa dhati. Lakini ni watoto wangapi wa Mbinga watakaoviona vitabu hivyo? Maarifa yalitoka kwa wazee wetu, nacho kitabu kimebaki mbali na wajukuu wao.

Kwa hiyo twawashauri wanafunzi mambo matatu. Kwanza, tumieni maktaba si kwa kusoma tu. Mwulizeni mkutubi jinsi kitabu kinavyoorodheshwa na kutunzwa. Pili, anayetunga tasnifu aandike pia muhtasari wa Kiswahili chepesi, aurudishe kwa usharika uliompa habari. Tatu, kabla ya likizo jifunzeni kuhariri kurasa kumi tu za mwenzenu, naye azihariri zenu.

Nasi walimu tunao wajibu wetu: somo hili lipewe saa katika ratiba. Daftari la yule mwinjilisti lingali mikononi mwetu. Kurasa zake kadhaa zimeliwa na mchwa. Zilizosalia tumeanza kuzinakili pamoja na wanafunzi, ukurasa kwa ukurasa. Ahadi tuliyoitoa imechelewa, lakini haijafutwa.