Fimbo sita kwa ndege ya karatasi!

Wenzangu mliosoma shule za fimbo mtanielewa. Nilikuwa darasa la sita, kipindi cha hesabu, ticha katupa mgongo anaandika ubaoni. Mimi huku nyuma nimechana karatasi ya katikati ya daftari, nakunja ndege. Kuirusha tu, bwana wee, ikaenda kutua mezani kwake! Nilikula fimbo sita na onyo juu: "Hapa ni hesabu, si michezo!"

Leo namjibu ticha wangu, kwa heshima zote: ile nayo ilikuwa hesabu.

Huamini? Chukua karatasi sasa hivi. Ikunje mara kadhaa upendavyo, ilimradi ibaki bapa kama shati lililopigwa pasi. Ikunjue, utafute katikati yake nukta ambapo mikunjo inakutana. Hesabu mikunjo iliyotuna, tuiite milima, halafu iliyozama, tuiite mabonde. Tofauti yake ni 2. Rudia mpaka uchoke, ni 2 tu! Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Mjapani Jun Maekawa.

Na wapo waliotokea kwa mambo hayo hayo. Erik Demaine, aliyezaliwa Kanada mwaka 1981, hakusoma shule kama sisi. Baba yake Martin, msanii wa sanamu na vioo, alimfundisha mwenyewe huku wakisafiri. Mwaka 2001, akiwa na miaka 20 tu, kijana akawa profesa wa chuo cha MIT, Marekani.

Baba na mwana huchora duara ndani ya duara kwenye karatasi, wakazikunja moja mlima, moja bonde. Wakiiachia, karatasi inajipinda yenyewe kama tandiko la farasi! Sanamu zao zimo katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Hakuna nyundo wala patasi.

Juzi nimemkuta dada yangu kamshika mwanawe sikio. Dogo kachana daftari jipya, sebule nzima vyura na mashua.

"Dada, mwache kwanza tuhesabu mikunjo," nikasema.

Tukakaa chini. Karatasi ya nne, dogo akanidakia kabla sijamaliza: "Anko, mbili tena!"

Ndiye huyo huyo aliyeleta yai kwenye mtihani wa hesabu muhula uliopita.

Dada aliachia sikio. Daftari, hata hivyo, nimelipa mimi.