Kwako Kinanukia, kwa Mwenzio Kinanuka

Ukimuona mwanaume mtu mzima amekaa barazani jioni, kiko mkononi, macho kayafumba nusu na moshi unamtoka puani taratibu kama treni ya zamani, usidhani anajionyesha. Huyo yuko kazini bwana! Anatafuta ladha, na bila pua haipati.

Kiko hakijawahi kuwa cha kila mtu. Wengi wetu tunakikumbuka kwa mababu, au kwa wakubwa wa siasa. Thabo Mbeki, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini kuanzia mwaka 1999 hadi 2008, alijulikana sana kwa kiko chake. Kabla yake alikuwepo Harold Wilson, Waziri Mkuu wa Uingereza wa miaka ya 1960 na 1970, ambaye picha zake na kiko zilizagaa kila mahali. Shisha ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017, lakini kiko kimebaki kimya kimya mikononi mwa wachache wanaokipenda.

Tatizo ni kwamba hao wachache wana wake, wana wachumba, wana watoto. Na ndani ya nyumba yenye kiko kuna ugomvi mmoja usiokwisha. Baba anasema, "Mbona kinanukia vizuri tu!" Mama anajibu, "Baba nanihii, kinanuka!" Sasa nani muongo hapo? Ukweli ni kwamba hakuna. Ngoja tuelezane.

Ulimi peke yake hajui kitu

Fanya jaribio hili leo na mwenzako. Mfumbe macho, umbane pua, kisha umlishe kipande cha embe bivu. Atakuambia ni kitu kitamu, chenye maji na uchachu kidogo, basi. Sasa achia pua. Ghafla embe lote linamjia! Ladha yenyewe ilikuwa imekwama mlangoni.

Ulimi unatambua mambo matano tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule utamu wa supu ya nyama iliyokolea. Yote mengine tunayoyaita ladha, kama iliki kwenye pilau, karafuu kwenye chai au nazi kwenye samaki wa kupaka, ni harufu. Unapotafuna na kumeza, harufu inapanda kwa nyuma ya koo hadi juu puani. Huko kuna vipokezi vya harufu vya aina zipatazo 400. Wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitoa ripoti ya ugunduzi wa jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Na waliougua korona kuanzia mwaka 2020 wakapoteza harufu hawahitaji mwalimu. Biriani ilikuwa kama kula karatasi.

Mvuta kiko naye anacheza mchezo huo huo, ila kwa moshi.

Inakuwaje?

Wavutaji wengi wa kiko hawashushi moshi mapafuni kama wavuta sigara. Wanauweka mdomoni. Wakitaka ladha kamili, wanatoa moshi mwingi kwa mdomo kwanza, wanafunga midomo, kisha wanapumua nje polepole kwa pua. Pumzi inayotoka mapafuni inapita nyuma ya kinywa, inakokota moshi kidogo uliobaki na kuupandisha puani kwa njia ya nyuma, ile ile ya pilau na iliki.

Akikosea akapitisha mkupuo mzima, atakiona cha moto. Puani kuna mishipa ya fahamu inayohisi ukali, ndiyo hiyo hiyo inayokutoa machozi kwa pilipili. Kwa hiyo wanaposema tumbaku fulani ina "pilipili puani", sehemu kubwa ya wanachokisifia ni muwasho.

Pua pia ndiyo inayowatofautishia tumbaku. Ile tumbaku ya mvuke, inayolimwa sana Tabora, kitaalamu Virginia, ina sukari nyingi, na harufu yake huwakumbusha watu nyasi kavu au mkate. Burley ina sukari kidogo sana, ndiyo maana hunyonya vizuri vionjo kama vanila. Latakia, iliyopewa jina la mji wa bandari wa Syria, majani yake hufukizwa kwa moshi wa kuni hadi yanakuwa meusi, na inanukia kama jiko la kuni. Perique ya Louisiana, Marekani, hukandamizwa kwenye mapipa ikachachuka kwa miezi mingi, na hiyo ndiyo yenye muwasho unaosifiwa. Ulimini zote ni uchungu na utamu kidogo. Puani, kila moja ina jina lake.

Pua mbili, ugomvi mmoja

Sasa turudi kwenye ndoa. Baba anapata harufu kwa njia ya nyuma, ikiwa bado ina joto, imechanganyika na ladha ya ulimini na nikotini inayompa raha. Mama anaipata kwa njia ya mbele, kutoka hewani, baada ya moshi kutoka kwenye kiko na kwenye pua ya baba. Hawanusi kitu kimoja!

Wavuta kiko wenyewe wanalijua hili. Tumbaku iliyotiwa vanila au cheri mara nyingi humfurahisha aliyekaa pembeni, lakini mvutaji hulalamika kuwa mdomoni haina kitu. Latakia ni kinyume chake. Mvutaji anaona yuko peponi, na aliyekaa naye anauliza nani amechoma godoro.

Halafu kuna ya kesho yake. Moshi ukishaingia kwenye pazia, makochi na shuka, ile harufu ya jana jioni haipo tena. Inabaki ya majivu. Baba haisikii, kwa sababu pua ikikaa na harufu muda mrefu huizoea. Mama aliyefukiza udi chumbani, akaweka asumini kitandani, anaingia usiku na kukutana na majivu kwenye ndevu za mumewe. Wengine hunyamaza miaka, mpenda chongo huita kengeza. Lakini kunyamaza si kuridhika, na mwili una namna yake ya kusema. Anageukia ukutani. Busu linakuwa la shavuni. Baba naye anajiuliza amekosa nini, kumbe jibu liko kwenye kiko.

Kikulacho ki nguoni mwako

Hadi hapa tumeongelea raha. Sasa tuongee ukweli wote, maana gazeti hili halimpambi mtu.

Kuna watu wanaamini kiko ni salama kwa vile moshi haushuki mapafuni. Si kweli. Moshi wa baadhi ya tumbaku za kiko hupitisha nikotini kwenye ngozi laini ya mdomo, na uteja unaingia hapo hapo. Uvutaji wa kiko unahusishwa na saratani za mdomo, koo, umio na hata mapafu. Na huo mtindo wa puani? Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, limeitaja pua na mianya iliyo jirani nayo kati ya sehemu ambazo uvutaji wa tumbaku unasababisha saratani. Unapouongoza moshi hadi kule juu, unaupeleka mlangoni kabisa.

Kinachochekesha na kuhuzunisha kwa pamoja ni kwamba uvutaji wa tumbaku hupunguza uwezo wa kunusa. Mtu anatumia pua kutafuta ladha, na kwa kufanya hivyo anaichosha ile pua. Baada ya miaka anataka tumbaku kali zaidi, na huku mboga ya mkewe anaiongezea chumvi kabla hata ya kuonja. Mama anaumia, "Siku hizi hapendi mapishi yangu." Habari njema ni kwamba wengi wakiacha, harufu hurudi taratibu.

Na aliyekaa pembeni hakuchagua. WHO inasema wazi kuwa hakuna kiwango salama cha moshi wa mwenzako. Mtoto mdogo na mama mjamzito ndio wanaoumia zaidi. Kufungua dirisha hakusaidii vya kutosha, na vanila hata ikinukia namna gani, haiufanyi moshi kuwa perfyumu.

Sasa mfanye nini?

Kwa wewe unayevuta:
- Kiko kisivuke mlango. Wala si sebuleni "leo tu kwa sababu ya mvua". Nje, mbali na madirisha, na kamwe si ndani ya gari.
- Ukimaliza, badili shati, nawa mikono na uso, piga mswaki na ulimi pia. Ndevu nazo zioshwe. Itapunguza harufu kwa mwenzako, ingawa madhara kwako yako pale pale.
- Muulize mwenzako anasikia harufu gani, kisha usibishane na jibu. Pua yake haidanganyi, imekaa tu upande mwingine wa moshi.
- Ukiona kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki mbili au tatu, au pua inayotoka damu mara kwa mara, nenda hospitali. Usisubiri.
- Kuacha ndiyo dawa. Ukiona uteja umekuzidi, mweleze daktari, msaada upo.

Kwa wewe unayeishi naye:
- Usimwambie "unanuka". Hilo ni tusi, na mtu aliyetukanwa hujitetea. Mwambie, "Nikikusogelea usiku nasikia majivu, nami nataka nikusikie wewe." Utaona tofauti.
- Chagua wakati. Usianze wakati kiko kinawaka, wala mbele ya wageni.
- Kwenye afya ya watoto usilegeze. Hapo hakuna mjadala wa ladha.
- Mpe pua yake kazi nyingine. Wengi wanachopenda kwenye kiko ni ule utulivu wa jioni, mkono kushika kitu na pua kupata kitu. Kahawa chungu yenye tangawizi, inayonywewa polepole barazani mkiwa wawili, nayo hupanda puani kwa nyuma vile vile. Haitaondoa uteja, lakini inawapa sababu ya kukaa pamoja saa ile ambayo zamani alikaa na kiko.

Jaribuni jioni hii. Vikombe viwili, na embe la kubana pua liwe la mchezo. Mkishacheka, ndipo muongee habari ya kiko.