Saiba za Kayole na Windows 10 iliyokwisha muda: nani atazikalafati?

Kompyuta yoyote ya saiba iliyobaki na Windows 10 bila kuandikishwa popote imekuwa ikifanya kazi bila mlinzi tangu Oktoba 14, 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kutoa viraka vya bure vya usalama kwa mfumo endeshi huo, ambao ulitoka Julai 29, 2015. Mashine hazikuzimika. Kesho yake asubuhi ziliwaka kama kawaida, zikachapa barua za kuomba kazi na zikatoa nakala za vitambulisho, na wateja wakalipa wakaenda zao. Ndiyo maana jambo lenyewe limepita kimya kimya.

Msomaji wa Mombasa au Lamu ataniuliza Kayole yatuhusu nini. Yatuhusu kwa sababu watu wetu wengi waliopanda basi kwenda Nairobi kutafuta riziki wameishia mitaa ya Eastlands, na shughuli zao za serikali wanazifanyia kwenye vibanda vya huko. Halafu ukiondoa baridi ya Julai, saiba ya Soweto ya Kayole au ya kando ya Spine Road haina tofauti kubwa na ya Kisauni, Likoni au Mtwapa. Ni kompyuta tano au sita za mtumba, printa moja inayolalamika, skana, mashine ya nakala, na kijana mmoja anayejua kila kitu.

Na kazi inayofanyika hapo si ndogo. Kila Juni, kabla ya tarehe 30, foleni inafika nje: watu wanawasilisha ritani za kodi kwenye iTax. Miezi mingine ni eCitizen, cheti cha tabia njema, mkopo wa HELB, leseni ya udereva. Mama anaketi kando ya kijana, anamtajia nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA na nenosiri, tena kwa sauti. Kijana anapiga vibonye. Mwisho wa siku mashine moja imepitiwa na siri za watu thelathini. Mwenye kompyuta nyumbani akikosa kuiangalia, anajiumiza peke yake. Mwenye saiba ameshika amana za mtaa mzima.

Sasa, kiraka ni nini hasa? Watu wa pwani tunalielewa hili upesi kuliko wengine. Jahazi haliundwi likaachwa. Mbao hupanuka na kunywea, pamba iliyo katikati ya mbao hulegea, na chombo hupandishwa pwani kikakalafatiwa upya. Mfumo endeshi nao umeandikwa na binadamu, mamilioni ya mistari, na ndani yake mna nyufa ambazo hata waandishi hawakuziona. Kila mwezi nyufa kadhaa hugunduliwa, na kiraka hutolewa kuziba. Kompyuta isiyopokea viraka haichakai kama tairi. Inabaki vilevile, ila idadi ya watu wanaojua nyufa zake inaongezeka.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Windows 11 imejengwa juu ya sehemu nyingi zilezile za Windows 10. Microsoft inapotoa kiraka cha Windows 11, wahalifu hukichukua, wakakilinganisha na faili la zamani, wakaona palipobadilika. Hapo wamejua ufa ulikuwa wapi. Wakienda kwenye Windows 10 isiyozibwa, huenda wakaukuta ungali wazi. Yaani dawa ya jirani inakuwa ramani ya kukuibia wewe.

Mfano ambao dunia haijausahau ni wa Mei 12, 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 na kudai malipo ya Bitcoin. Hospitali za umma za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Nyingi kati ya mashine zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikipokea viraka. Wenyewe hawakuviweka tu. Windows XP, iliyokuwa imeachwa tangu Aprili 8, 2014, ilitolewa kiraka cha dharura baada ya mambo kuharibika. Na kirusi hicho hakikuhitaji mtu abonyeze chochote: kikiingia mashine moja, kiliwatambalia jirani zake kupitia mtandao wa ndani. Fikiria saiba yenye mashine sita kwenye rauta moja.

Kwa nini basi viraka haviwekwi? Nimewauliza mafundi na wenye saiba, na majibu hayana uvivu ndani yake. Kwanza ni bando: kiraka cha mwezi mmoja huweza kufika mamia ya megabaiti, na ukizidisha kwa mashine sita unaona pesa ikitoka. Pili ni stima. Mtu anaogopa ipotee katikati ya usasishaji. Tatu, kompyuta inaamua kujiwasha upya mteja akiwa ukurasa wa mwisho wa fomu. Kwa hivyo fundi akija, la kwanza anaambiwa: zima hizo apdeti. Naye anazima, anachukua pesa yake, na hakuna anayekumbuka kuziwasha tena.

Hayo yote yana tiba. Ndani ya mipangilio ya Windows Update mna sehemu inayoruhusu kompyuta kugawiana viraka kwenye mtandao wa ndani. Ukiiwasha kwenye zote sita, sehemu kubwa ya kiraka huteremshwa mara moja na nyingine zikakichukua kwa jirani. Mna pia mahali pa kutaja saa za kazi, ili mashine isijiwashe upya kati ya asubuhi na usiku. Kuhusu stima, Windows ikikatizwa mara nyingi hurudi ilikokuwa, na ukianza na laptopu yenye betri nzima hofu inapungua.

Kalenda nayo ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani. Kwetu huwa saa mbili usiku au saa tatu, kulingana na wao wamesogeza saa zao au la. Mwenye saiba anahitaji kukumbuka kitu kimoja tu: Jumatano inayofuata, kabla ya kufungua, apitie mashine.

Kupitia mashine ni hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitakuonyesha toleo na nambari. Toleo la mwisho la Windows 10 ni 22H2, na nambari yake huanza na 19045, kisha nukta, kisha tarakimu nyingine. Hizo za baada ya nukta ndizo za kuangalia. Zikiwa 6456, mashine yako ilipokea viraka vya bure vya mwisho, vya Oktoba 14, 2025, ikakoma hapo. Zikiwa chini ya hapo, ilikuwa imeachwa hata kabla ya Microsoft kuiacha. Zikiwa juu na zinapanda kila mwezi, imeandikishwa kwenye mpango wa nyongeza. Chukua daftari la shule la kawaida: mashine ya kwanza, nambari, tarehe, mashine ya pili, nambari, tarehe. Nambari ikikaa miezi miwili bila kupanda, hapo pana tatizo. Hakuna programu ya kununua wala fundi wa kumwita.

Usidanganywe na ile alama ya kijani ya Defender. Microsoft imesema itaendelea kuipelekea Windows 10 orodha za virusi hadi Oktoba 2028, kwa hivyo alama itazidi kung'aa. Lakini orodha ya virusi ni picha za wezi zilizobandikwa mlangoni. Haizibi dirisha lililovunjika.

Huo mpango wa nyongeza ndio wenye maneno mengi. Kwa watu binafsi Microsoft imeongeza viraka hadi Oktoba 13, 2026. Unaupata kwa njia tatu: kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, na hiyo haina malipo; kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards; au kulipa dola 30. Akaunti moja yatosha kompyuta 10. Sharti mashine iwe na toleo la 22H2. Wakaazi wa Ulaya, baada ya vyama vya watumiaji kupiga kelele, waliondolewa sharti la kuhifadhi mipangilio. Huku kwetu hakuna aliyepiga kelele, na sharti limebaki.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kila mtu ajiandikishe bure na mambo yaishe. Mpango huo ni wa matumizi ya nyumbani. Saiba ni biashara, na bei ya biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kisha inaongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Mashine sita ni dola 366. Dola ikiwa karibu shilingi 129, hizo ni kama shilingi 47,000. Mwaka wa pili ni maradufu. Kwa kompyuta ambayo pengine ilinunuliwa kwa pesa chache zaidi ya hizo, hesabu hiyo haina akili. Bei hiyo ilipangwa kwa mabenki na mashirika. Mwenye kibanda Kayole hakufikiriwa.

Kuna ya kuhamia Windows 11. Yataka mashine iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au zile za AMD za rika hilo. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ambayo imejaa saiba zetu, ina kizazi cha 3. Haifiki. Wapo mafundi wanaoilazimisha kwa ujanja, na inawaka kweli. Lakini Microsoft yenyewe imesema mashine kama hiyo haina haki ya kudai viraka, kwa hivyo umerudi palepale ulipokuwa, na umelipa ufundi juu yake.

Njia ninayoiona inafaa kwa mashine nyingi za aina hiyo ni Linux, hasa Linux Mint au Ubuntu. Ni bure na ni halali, inakwenda vizuri kwenye kompyuta ya zamani, na matoleo yake ya muda mrefu hupewa viraka kwa miaka mitano. Kazi nyingi za saiba siku hizi ni za kivinjari, na kivinjari ni kilekile. Penye ugumu ni pawili. Baadhi ya fomu za ritani za KRA huja kama faili la Excel lenye makro, na printa nyingine hazina programu yake ya Linux. Jaribu mashine moja kwanza kwa mwezi mzima, si katikati ya Juni. Bakisha moja au mbili zenye Windows 11 halali kwa kazi hizo, na nyingine zote zihame.

Na ile Windows iliyovunjwa kufuli? Programu ya kuivunja huanza kwa kukuomba uzime kinga ya virusi. Mgeni anayekuomba ufunge mbwa kabla hajaingia, sijui utamwitaje.

Tena viraka peke yake havitoshi ikiwa vitambulisho vya wateja wa mwaka juzi vimelala kwenye folda ya faili zilizoteremshwa, na WhatsApp ya saiba imebaki wazi kwenye mashine anayoketia kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimsamehi mwenye biashara ndogo kwa kuwa ni ndogo. Futa kila jioni. Kivinjari kisihifadhi nenosiri la mteja, na mteja atumie dirisha la mgeni.

Wanaojiandaa kununua ndio wenye nafasi nzuri zaidi. Maduka ya mitumba Nairobi na Mombasa yamejaa laptopu zilizotupwa na maofisi ya Ulaya, na baadhi zimetupwa kwa sababu hii hii. HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6 na G4 ni cha 7. G5 ndiyo yenye kizazi cha 8. ThinkPad T470 haifiki, T480 inafika. Zinafanana kwa sura, na muuzaji atakuambia zote ni safi. Tafuta jina la prosesa kabla ya kutoa pesa: i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8. Ikiwa ya kizazi cha 7 ni rahisi sana na unakusudia kuiwekea Linux, ichukue. Ikiwa ni ya Windows, mrudishie.