Tufungue Madaftari ya Watoto Wetu

Muhula wa shule unapofungwa, na watoto wanaporejea nyumbani na taarifa zao za maendeleo mikononi, swali moja husikika katika nyumba nyingi za wafanyakazi na wakulima wa nchi hii: "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto akijibu kwamba amekuwa wa tano, husifiwa, akisema amekuwa wa hamsini, hukemewa. Kisha karatasi ile huwekwa sandukuni, na habari za shule hukomea hapo mpaka muhula mwingine.

Sisi hatusemi kwamba swali hilo ni baya. Twasema kuwa halitoshi. Mtoto aweza kuwa wa kwanza miongoni mwa wasiojua, na mwingine aweza kuwa wa thelathini miongoni mwa wanaojua vizuri. Swali limpasalo mzazi, na kila mwanachama anayejali ujenzi wa Taifa, ni hili: Mtoto huyu amejifunza nini muhula huu?

Kwanza na tuutazame muhula wenyewe. Mwaka wa masomo katika shule zetu za msingi huanza Januari na kwisha Desemba, nao umegawanywa katika mihula miwili. Siku za masomo kwa mwaka mzima ni 194, kwa hiyo muhula mmoja ni siku 97 hivi. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, na kuanzia darasa la tatu ni dakika 40. Huo ndio mtaji wote aliopewa mwalimu. Mfanyakazi anayejua thamani ya zamu moja kiwandani, au mkulima anayejua maana ya mvua ya wiki mbili, hatashindwa kuona ya kuwa siku 97 ni chache, na kwamba kila moja ina kazi yake.

Mtoto wa darasa la kwanza aingiapo shuleni mwezi wa Januari, kalamu ya risasi ni nzito mkononi mwake kama mchi. Kazi yake ya kwanza ni kujifunza kuishika, kuchora mistari iliyosimama na iliyolala, kuchora viduara, na kuufuata mstari wa daftari. Wako wazazi ambao wakiona kurasa zimejaa mistari na viduara hucheka, wakadhani mwalimu anapoteza wakati. La, hasha! Mkono usiozoea duara hautaandika herufi a, wala o, wala d. Fundi haanzi nyumba kwa paa.

Baada ya hapo huja irabu tano, kisha konsonanti. Wengi wetu tulifundishwa kwa kukariri, darasa zima likiimba pamoja, na mjanja aliweza kuimba muhula mzima pasipo kuijua hata herufi moja. Siku hizi mwalimu huanza na sauti ya herufi: mtoto aisikie m katika mama na katika mimi, kisha aiunganishe na irabu apate ma, me, mi, mo, mu, na kutoka hapo aunde maneno yake mwenyewe. Katika jambo hili lugha yetu ya Kiswahili imetupa neema kubwa, maana huandikwa kama itamkwavyo. Mtoto aliyekwisha kuzishika irabu tano na konsonanti zake aweza kusoma neno ambalo hajapata kuliona tangu azaliwe.

Hata hivyo, njia ina milima. Yako makutano ya herufi kama mb, nd, nj, sh, ny na dh. Iko tofauti ya ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Iko l na r, ambazo kwa mtoto aliyelelewa katika baadhi ya lugha zetu za makabila huwa sauti moja tu, hata akaandika kula mahali pa kura. Mtu mzima aweza kulicheka kosa hilo, lakini mwalimu hana budi kurudi nyuma, na kurudi nyuma kunataka siku. Kwa sababu hiyo mtoto aliyekosa wiki mbili za mwezi wa Machi huonekana mjinga mwezi wa Mei, hali si mjinga. Amekosa ngazi mbili katikati ya ngazi kumi.

Katika hesabu mambo ni hayo hayo. Mtoto huanza na vitu anavyovishika: vijiti, kokoto, vizibo vya chupa, mbegu za maharage. Akiisha kuhesabu mpaka tisa hufundishwa siri kuu ya hesabu zote, yaani kumi. Vijiti kumi hufungwa pamoja vikawa fungu moja, na tangu hapo kuna mamoja na makumi. Aliyelielewa fungu hilo, ukimpa 27 na 15 ajumlishe, atakuambia kwamba 7 na 5 ni 12, ataandika 2 na kuipeleka 1 upande wa makumi, naye atajua kwa nini ameipeleka. Asiyelielewa ataipeleka kwa sababu ameambiwa, na siku atakapokutana na sehemu na desimali atakwama.

Ndugu zetu wafanyakazi na wakulima wasidhani hayo ni mambo ya kitoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba katika jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani, wakaweka wapimaji wao wenyewe waisome mizani ile mbele ya mnunuzi. Katika juhudi za namna hiyo vilizaliwa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions. Nguvu ya wakulima wale ilikuwa umoja wao, lakini silaha waliyoingia nayo kituoni ilikuwa ni mtu ajuaye kusoma tarakimu. Leo hii mfanyakazi asiyeweza kuisoma hati yake ya mshahara na kuyahesabu makato yake yu katika hali ile ile ya mkulima aliyesimama mbele ya mizani asiyoielewa.

Kuanzia darasa la tatu mzigo huongezeka. Katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 mtoto husoma Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Sanaa na Michezo, pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili. Masomo hayo yote husimama juu ya msingi mmoja. Historia husomwa kwa macho yaliyozoea kusoma. Sayansi huandikwa kwa mkono uliozoea kuandika. Mtoto aliyefika darasa la nne bila kusoma huketi darasani kama abiria aliyepanda gari lisilokwenda kwao: anasafiri pamoja na wenzake, lakini hafiki.

Hapa yatupasa kukumbuka tulikotoka. Mwaka 1961 nchi yetu ilipopata Uhuru, watoto wapatao 490,000 tu ndio waliokuwa katika shule za msingi za Tanganyika, na wengi wao waliishia darasa la nne. Shule zenyewe zilikuwa zimegawanywa kwa rangi za watu. Mwaka 1967 hesabu ilikuwa imefika 825,000, na katika mwaka huo huo Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akisisitiza ya kwamba elimu ya msingi lazima iwe kamili yenyewe, isiwe chumba cha kungojea sekondari. Novemba 1974 TANU ikapitisha Azimio la Musoma ili kila mtoto apate elimu ya msingi. Baadaye zikaja nyakati ngumu, ada zikarudi, na watoto wa maskini wakabaki nyumbani. Ada zilipofutwa tena mwaka 2001, milango ilifunguka kwa kishindo: wanafunzi wa shule za msingi walitoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 wakazidi milioni 7.5 mwaka 2005. Januari 2016 elimu bila ada katika shule za umma ikapanuliwa mpaka kidato cha nne.

Hayo ni mafanikio ambayo hatuna haya kuyatangaza. Lakini mtoto kuwa na kiti darasani ni jambo moja, na kuwa na elimu kichwani ni jambo jingine. Mwaka 2010 upimaji wa Uwezo, uliofanywa kwa kuwafuata watoto majumbani mwao, ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 hivi tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Habari hiyo iliwaamsha wengi, na tangu hapo kusoma, kuandika na kuhesabu kumepewa nafasi ya kwanza katika madarasa ya chini. Ujinga ni mmoja wa maadui watatu tuliotangaziwa tangu siku za Uhuru. Adui huyo hafukuzwi kwa kuandikisha majina katika daftari la mahudhurio.

Ni nini basi kinachoila siku ya mtoto shuleni? Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Mtoto mmoja hutumwa shambani kuwinga ndege mpunga unapokomaa. Mwingine hubaki nyumbani kumlea mdogo wake. Mwingine hupelekwa gulioni kuuza ndizi. Mwingine hana sare, anangoja mwisho wa mwezi. Mwingine hufika, lakini hajala tangu jana usiku, na tumbo lenye njaa halina masikio. Kila mzazi husema, "Ni siku moja tu." Na tufanye hesabu. Anayekosa siku moja kila wiki hupoteza siku zipatazo 39 kwa mwaka. Katika miaka 6 ya elimu ya msingi, kama mtaala mpya unavyopanga, hizo ni siku 234: mwaka mzima wa masomo, na siku 40 juu yake. Mzazi huyo amemnyang'anya mtoto wake mwaka mmoja wa shule, wala hakujua.

Wala hatuwezi kumtwisha mwalimu lawama yote. Kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa darasa moja. Mwalimu wa darasa hilo akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma katika kipindi cha dakika 30, kila mmoja atapata sekunde 40. Katika darasa la watoto 90, na madarasa ya namna hiyo wenyewe mnayajua, kila mmoja atapata sekunde 20. Katika sekunde 20 mtu hawezi hata kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo Serikali iendelee kuongeza walimu, vyumba vya madarasa, madawati na vitabu, na sisi tutaendelea kuikumbusha pasipo kuchoka. Lakini mtoto aliye darasa la kwanza leo hatangoja. Muhula huu ukipita, umepita.

Kwa sababu hiyo tunatoa wito kwa kila mzazi: fungua daftari la mtoto wako, usingoje taarifa ya mwisho wa muhula. Mpe dakika 10 kila jioni akusomee. Dakika 10 ni sawa na sekunde 40 za mwalimu mara 15! Kwa gharama isiyozidi mafuta kidogo ya taa, mzazi aweza kumpa mtoto wake kwa jioni moja kile ambacho darasani angekipata kwa vipindi 15.

Mzazi asiyejua kusoma naye asijitoe. Masikio yake yatamwambia kama mtoto anasoma au anababaisha. Tena ayatazame mambo matatu ambayo hayahitaji kisomo kikubwa. La kwanza ni tarehe: azihesabu tarehe zilizoandikwa wiki hii, aone kama ni tano. La pili ni alama za mwalimu: je, kazi imesahihishwa? La tatu ni makosa: je, mtoto ameyarudia akayaandika sawasawa? Ikiwa mtoto alikwenda shule kila siku na tarehe zimepungua, hapo lipo swali la kuulizwa kwa mwalimu mkuu, kwa adabu lakini kwa uthabiti, katika mkutano wa wazazi na mbele ya kamati ya shule.

Mikutano hiyo ndipo mahali pa wanachama. Yanasikitisha matawi ambayo viongozi wake hujaza viwanja siku ya sherehe, lakini siku ya mkutano wa wazazi huonekana akina mama wachache tu na mwalimu mkuu wao. Chakula cha mchana cha wanafunzi huamuliwa pale. Ratiba ya kulinda mashamba bila kuwatumia watoto saa za masomo yaweza kupangwa pale. Nao waajiri, wa umma na wa watu binafsi, wampe mfanyakazi ruhusa ya saa mbili aende shuleni kwa mwanawe. Hawatapata hasara, kwa kuwa mfanyakazi wa kesho anaandaliwa huko.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wazee wetu waliokuwa wamechoka kwa kazi za mchana waliketi jioni chini ya miti na katika kumbi wakajifunza kuandika majina yao. Hawakuona haya, na hawakusema wamechelewa. Sisi tulio na watoto wenye shule karibu na nyumbani, tutasema nini kama watamaliza darasa la pili bila kuweza kusoma ukurasa mmoja?

Ndugu wanachama, ndugu wafanyakazi, samaki mkunje angali mbichi. Jioni ya leo kila mmoja wetu na aketi na mtoto wake, afungue daftari, aseme: "Nisomee ulichojifunza leo." Akisoma, tumpongeze. Akishindwa, tusimpige, tumwulize ni siku gani aliyoikosa, na kesho asubuhi tuhakikishe ameingia darasani kabla kengele haijalia.