Utangulizi: Kifungu Kisomeke Vipi?

Mgogoro wa mpaka wa kiwanja ukizuka Chanika, Dar es Salaam, wengi huanzia serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Zamani baraza hilo lilisikiliza shauri na kutoa uamuzi. Tangu mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kupatanisha tu. Suluhu isipopatikana ndani ya siku 30, wahusika wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Badiliko hilo halikuja kwa muswada wenye neno ardhi katika jina lake. Lilipitia katika marekebisho ya sheria mbalimbali, muswada wa aina ile inayofunga sheria nyingi katika furushi moja. Aliyesoma jina la muswada tu hakuona kwamba mlango wa kata yake ulikuwa unabadilishwa.

Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaotaka kuona mambo kama hayo mapema: msaidizi wa kisheria anayejitolea, mama wa kikoba, mwalimu mstaafu, kijana wa kamati ya mtaa. Si lazima uwe wakili. Ibara ya 21 ya Katiba ya Tanzania inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye na taifa lake. Na kizuizi kikubwa cha zamani kimelegea, kwani mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kabla ya hapo miswada mingi iliandikwa kwa Kiingereza, na kikundi cha kujitolea kilianza kazi kwa kumtafuta mtu wa kuwafasiria.

Safari ya muswada ni fupi kuisimulia. Unachapishwa katika Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwenye Kamati ya Kudumu ya Bunge, unarudi kwa mjadala na kupitishwa kifungu kwa kifungu, kisha unasubiri saini ya Rais. Mwananchi anaingia kwenye kamati, pale wadau wanapoitwa kutoa maoni. Muswada ukija kwa hati ya dharura, nafasi hiyo husinyaa mno. Ilikuwa hivyo Juni 2019, kwa marekebisho yaliyogusa mashirika yasiyo ya kiserikali, takwimu na kampuni. Kwa hiyo kikundi kinachosubiri muswada ufike ndipo kijipange kimeshachelewa.

Sehemu ngumu, na kwangu ndiyo tamu, ni kuchukua msimamo. Wageni wa fani hii hudhani majibu ni mawili, kuunga mkono au kupinga. Historia yetu wenyewe inafundisha zaidi. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilipendekeza ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikukubali, Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ilibakiza ardhi yote kuwa mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na rasimu ya muswada ikafuata njia hiyo.

Mwaka 1997 wananchi walijipanga kwa namna mbili mbele ya rasimu ileile. Jukwaa la Taifa la Ardhi, ambamo taasisi ya HAKIARDHI ilikuwa nguzo, lilitoa Azimio la Uhai na kugusa msingi wenyewe: nani ana mamlaka ya mwisho juu ya ardhi? Kikosi kazi cha jinsia na ardhi, kilichoongozwa na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kilijikita katika jambo moja, mwanamke apate nini ndani ya sheria inayokuja. Sheria mbili zilizopitishwa mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zinaonyesha matokeo. Mamlaka ya juu hayakuhama. Lakini kifungu cha 3 katika sheria zote mbili kinatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba linapaswa kuwa na wanawake wasiopungua watatu.

Wako wanaosema wanawake wale waliridhika na kidogo. Sikubaliani nao. Kikosi kile kilifika na maneno yaliyo tayari kuingia kwenye kifungu, na mbunge anayetaka kusaidia anahitaji maneno hayo ili aandike jedwali la marekebisho. Wala siwalaumu wa Jukwaa: swali lao bado liko hai kila serikali inapotwaa eneo. Mwenye kujua anachopigania anaweza kuchagua njia yoyote kati ya hizo mbili.

Ndiyo maana sura zinazofuata zinakaa sana kwenye usomaji wa kifungu. Tutauliza nani anapewa uamuzi, ndani ya siku ngapi, na rufaa inakwenda wapi. Tutatenganisha «atafanya» na «anaweza kufanya». Tutasimama kila Waziri anapopewa uwezo wa kutunga kanuni, maana mengi huamuliwa huko baadaye, pasipo mjadala wa Bunge. Madhumuni na sababu, zile kurasa za mwisho wa muswada, nashauri zisomwe baada ya vifungu: ni hoja za anayeuleta, na huelekeza macho mapema mno.

Kuna pia tofauti ndani ya kikundi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu hivyo vinakinzana na Katiba. Iteni kikao Chanika juu ya umri wa ndoa, penye waumini wa msikiti na wa kanisa, na huenda msiafikiane. Msipige kura haraka. Andikeni kwanza, kifungu kwa kifungu, wapi mnakubaliana wote. Kisha waliobaki na maoni tofauti wayaandike kwa kalamu yao wenyewe, na karatasi zote mbili ziende kwenye kamati.