Kiungo Kigumu katika Fremu za Chuma: Nguvu na Udhaifu wa Mshono

Katika taaluma ya ujenzi, fremu ni nguzo na boriti zilizounganishwa zikafanya kazi kama kitu kimoja. Kiungo chake huwa cha namna mbili. Cha kwanza ni mithili ya bawaba ya mlango: hubeba uzito lakini huiruhusu boriti kuzunguka kidogo. Cha pili ni kiungo kigumu, ambacho huzuia mzunguko huo na kuiwezesha fremu kukabili upepo au tetemeko bila mihimili ya mshazari. Katika majengo madogo, kiungo hiki aghalabu hufanywa kwa kuchomelea.

Boriti ya umbo la I ina bapa mbili, ubapa wa juu na wa chini, na ukuta mwembamba kati yake. Inapopindwa, ubapa mmoja huvutwa ilhali mwingine husukumwa. Momenti, yaani athari ya kupinda, ikiwa kilonyutoni-mita 60, na umbali kati ya bapa ukiwa mita 0.3, kila ubapa hubeba takriban kilonyutoni 200. Nguvu hiyo hupitia katika mshono na kuingia nguzoni. Ndiyo sababu nguzo nyembamba hutiwa vipande vya kuikazia mkabala wa kila ubapa. Pasipo hivyo, nguzo yaweza kuharibika ilhali mshono ni mzima.

Hata hivyo, hesabu pekee haitoshi. Mnamo tarehe 17 Januari 1994, tetemeko la kipimo cha 6.7 lilikumba eneo la Northridge, Los Angeles. Uchunguzi ulifichua nyufa katika viungo vya majengo ya chuma zaidi ya 100, baadhi yakionekana mazima kwa nje. Nyingi zilianzia kwenye mshono wa ubapa wa chini. Chuma cha mshono hakikuwa na unyumbufu wa kutosha. Kipande cha kuutegemeza kiliachwa mahali pake kikazaa mwanya wa ufa. Aidha, ukuta wa boriti ulimzuia mchomeleaji kupitisha mshono mfululizo.

Kutokana na hayo, mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2000 ulijumuisha mbinu ya kupunguza upana wa bapa hatua fupi kutoka nguzoni, ili boriti ipinde hapo kabla mshono haujaelemewa. Kwa hakika, boriti inayopinda huonya. Mshono unaokatika hauonyi. Msanifu hana budi kuchagua mapema kitakachotangulia kushindwa.